Chungu Hakipulizwi

Watu wa Mukuju, huku Uganda, wakikuelekeza kwa Emong hawajisumbui na majina ya vijiji. Wanakwambia teremka bondeni mpaka usikie maji yanachemka bila moto, hapo ndipo kwake. Ukiteremka utayasikia kweli. Chini ya mabati kuna matangi ya saruji, na ndani yake maji yanabubujika mchana kutwa na usiku kucha, maana Emong anauza vifaranga vya samaki, kambale na ngege, yaani perege, na kifaranga wa samaki hana subira na hewa. Mnyime kidogo tu, anageuza tumbo juu na kukuachia hasara yako.

Kazi yenyewe ukiitazama kwa mbali utasema ni mchezo. Pampu inavuta hewa na kuisukuma kwenye mipira myembamba, kila mpira unaishia kwenye kijiwe chenye vitundu vidogo vidogo, na kijiwe hicho ndicho kinachoipasua hewa ikawa mapovu. Basi. Ila vijiwe vinaota utelezi wa kijani, na utelezi unaziba vitundu. Kwa hiyo kila asubuhi, hata kabla ya chai, Emong huinama tangi baada ya tangi, huchomoa mpira kwenye pampu, huutia mdomoni na kupuliza, puu, mpaka uchafu utoke. Amefanya hivyo muda mrefu kiasi kwamba mpira ukigusa midomo, mashavu yanajaa yenyewe. Mazoea yana taabu, walisema waliotutangulia, na taabu ya huyu mzee ilianzia hapo hapo kwenye mashavu.

Wateja wake wengi wanatoka Busia, upande wa Kenya. Kuna mmoja, Kevo, ana mabwawa yake kule na maneno mengi kuliko samaki. Anapokuja, Emong anamfungia vifaranga kwenye mfuko mzito wa plastiki: maji kidogo chini, samaki ndani, kisha anaingiza mpira wa mtungi wa oksijeni na kufungulia mpaka mfuko uvimbe na kuwa mgumu, ndipo anaukaza shingo kwa raba.

"Mzee, hapa umeniuzia hewa ama samaki?" Kevo humtania kila safari.

"Samaki nauza. Hewa nakupa bure," Emong humjibu. "Lakini bila hiyo ya bure, Busia utafika na mchuzi."

Kevo hucheka, hupakia mifuko yake kwenye pikipiki na kuondoka, na bonde hubaki na sauti ya maji tu. Hapo ndipo siku ya Emong inapokuwa ndefu.

Maana zamani hakuwa peke yake. Umeme ukikatika, na huku kwetu unakatika bila kumuaga mtu, ilibidi kuchota maji kwa beseni na kuyamwaga kutoka juu, kuchota na kumwaga, ili yakianguka yaanguke na hewa. Walikuwa wakifanya wawili, yeye upande huu na mkewe Benedeta upande ule. Benedeta alikuwa na mdomo. "Umewapa baba zangu ng'ombe," alikuwa akisema huku jasho linamtiririka, "ili nije kuyachapa maji yasiyo na kosa." Ugonjwa wa sukari ulimchukua Benedeta, na watoto walikwishatawanyika, na Jovia, binti yao wa mwisho, ameolewa Busia ya Kenya anauza mitumba. Sasa umeme ukikatika Emong anachota peke yake, na hakuna anayelalamika ng'ambo ya tangi. Alijaribu kuongea na samaki, sikufichi. Akaacha, kwa sababu samaki wanakusikiliza mpaka umalize kisha wanaomba chakula.

Kilichobaki kumpa sauti za watu ni chungu cha Mildred.

Mildred ni mjane aliye juu ya kilima karibu na barabara, na hakuna mkono unaopika malwa kama wake kuanzia hapo hadi Malaba. Wateso wanaiita ajono, lakini kwa vile Mukuju watu wamechanganyika, wengi tunasema malwa tu: pombe ya wimbi, yaani ulezi, nzito, inakaa chunguni pamoja na makapi yake, na kila inapopungua nguvu inaongezwa maji ya moto. Chungu kimoja kinawekwa katikati. Viti vinakizunguka. Kila mtu ana mrija wake mrefu wenye kichujio nchani ili asinywe makapi, na mirija yote inaingia humo humo, na midomo inavuta, na maneno yanakwenda. Ndivyo watu wazima wanavyomaliza siku.

Emong alikuwa na kiti chake, kulia kwa Rasto. Rasto alifanya kazi ya reli pale stesheni ya Tororo hadi reli ilipomchoka, na anaongea kana kwamba maneno yanauzwa. Walikaa bega kwa bega miaka na mikaka. Emong alikuwa akisimulia, Rasto akiguna, na kuguna kwa Rasto kulikuwa na maana nyingi ambazo Emong alizijua zote. Kulikuwa na kuguna kwa "endelea", na kuguna kwa "hapo umeongeza chumvi". Mtu aliyefiwa na mke hahitaji makubwa. Anahitaji mtu wa kumgunia.

Sasa, chungu kina adabu zake, na mtoto wa huku anazijua kabla hajaruhusiwa hata kuonja. Huchungulii chunguni. Hushiki mrija kwa mkono wa kushoto. Hurukii mirija ya wenzako. Na kubwa kuliko yote, hupulizi. Mrija ukiziba, unauchomoa taratibu, unakung'uta kichujio, unaurudisha. Kupuliza, hapana. Ukivuta unachukua, na anayechukua anaonekana. Ukipuliza unaweka, na nani ajuaye umeweka nini? Pumzi haina rangi. Mtu mwenye neno baya moyoni anaweza kulishusha humo kwa mrija, na wenzake wote wakalinywa. Hivyo ndivyo watu wanavyoamini, na anayecheka imani hiyo mara nyingi ni mtu asiyewahi kunywa chungu kimoja na anayemwogopa.

Siku ya mkosi ilikuwa siku ya umeme kukatika tangu alfajiri. Emong alipiga maji kwa beseni hadi mikono ikafa ganzi. Umeme uliporudi alasiri, akakuta vijiwe vyote vimeziba, akavipuliza kimoja kimoja mpaka kichwa kikawa chepesi. Kisha akaoga, akachukua mrija wake, akapanda kwa Mildred, akaketi kulia kwa Rasto na kuanza kusimulia habari za umeme. Katikati ya maneno akavuta. Mrija ulikuwa umeziba kwa makapi.

Hakufikiri, maskini. Angefikiri angeuchomoa. Midomo ilidhani imeshika mpira, mpira umeziba, na mashavu yakajaa yenyewe. Puu.

Chungu kikaguruma. Mapovu yakapanda mpaka ukingoni, yakamwagika pembeni na kulowesha udongo. Mildred alikuwa amesimama na birika la maji ya moto, akabaki nalo mkononi. Emong mwenyewe alibaki na mrija mdomoni akitazama mapovu yakipasuka moja moja.

"Ni kazi," alisema. "Jamani, ni mazoea ya kazi. Mnanijua."

Wa kwanza kuchomoa mrija wake alikuwa Rasto. Aliuchomoa polepole, akaukung'uta, akaufuta kwa kitambaa, hakumtazama Emong. Wengine wakafuata. Mildred akakibeba chungu na kwenda kukimwaga kwenye shina la mgomba. Emong akashuka bondeni, na hakuna aliyemwita arudi.

Huenda yangeishia kwenye aibu. Watu wangekaa wiki, wangemcheka, angerudi. Lakini kabla wiki haijaisha Rasto alishikwa na tumbo. Na mimi nikifika hapa nakasirika, niseme ukweli. Rasto alikuwa ametoka matangani katika kijiji cha Sikuda, akala nyama iliyolala, na waliokuwa naye wanajua ilikuwa na harufu. Tumbo la nyama ya jana linajulikana. Lakini nani atakubali nyama iliyooza wakati kuna mapovu? Sokoni wakasema, Emong amepuliza, Rasto ameanguka. Lisemwalo lipo, wakasema, na kama halipo laja. Hata waliokuwa hawajawahi kukanyaga kwa Mildred walijua mapovu yalipanda kiasi gani.

Emong akawa mtu wa kusalimiwa kwa mbali. Kanisani benchi lake likapata nafasi nyingi. Akipita kituoni, waliokuwa wakiongea walikumbuka kazi zao. Hakuna aliyemtukana, na hilo ndilo lililomuumiza, kwa sababu tusi unaweza kulijibu. Jioni ikifika alikuwa akiosha mikono na kuvaa shati safi kama kawaida, kisha anasimama uani na kukumbuka kwamba hana pa kwenda. Jioni moja alichukua mrija wake, akauingiza kwenye kikombe cha chai ya rangi, akaketi kizingitini akivuta. Alimaliza kikombe chote hivyo. Alikuwa na upweke wa kumfanya mtu mzima afanye mambo kama hayo, na nisingelisema kama asingelisema mwenyewe.

Alitamani kwenda kumwona Rasto. Mara mbili alifunga samaki kwenye jani la mgomba akatoka nao. Mara mbili aliishia njiani. Aliogopa watakaomwona akiingia.

Mwezi ulipokuwa unaelekea kwisha, Mildred akashuka bondeni. Alisimama mbali kidogo na matangi, kanga kiunoni.

"Mzee Emong, wenye chungu wamekaa," alisema. "Rasto amesimama, anatembea na fimbo. Wamesema wewe ni mtu wa pale, hawataki kukutupa. Lakini lazima usafishe."

"Nasafisha aje?"

"Wewe unajua. Unapika malwa ya jiko lako, kwa mkono wa nyumba yako. Wanakuja hapa kwako Jumapili ile baada ya hii inayokuja. Unasema ya kwako mbele ya watu, unavuta kwanza, nao wanavuta, na Rasto anavuta. Kesi imekwisha, kiti chako kipo."

"Mildred," Emong alisema, "nyumba yangu ina mkono gani? Benedeta ndiye alikuwa anapika."

"Ndiyo maana nimekuja mapema," Mildred alijibu, na kwa kweli macho yake yalikuwa na huruma. "Ningekupikia. Lakini ikitoka kwangu si ya jiko lako."

Emong akampigia simu Jovia. Akamweleza yote, hata puu, hata chai. Nyuma ya Jovia zilisikika sauti za soko la Busia.

"Papa," alisema, "mimi nimeokoka. Pombe sipiki, hata ya kusafisha. Lakini nitakuja nikuombee."

"Maombi nashukuru, mwanangu," Emong alisema. "Lakini hayo hayaingii chunguni."

Hakuja, mtoto wake alipata malaria wiki hiyo. Na Emong akaona kwamba mashtaka yenyewe yalikuwa madogo. Kubwa ni kwamba alitakiwa kuonyesha nyumba, na nyumba haikuwa na mtu mwingine. Akaamua kupika mwenyewe.

Usidhani hakujua. Mwanaume akiishi na mpishi miaka ile yote, macho yake yanaiba. Alikanda unga wa wimbi kwa maji, akaufukia ardhini ndani ya majani kama alivyokuwa akifanya Benedeta, akaufukua umechacha. Akaukaanga juu ya bati pana, moshi ukimtoa machozi, mkono mmoja ukigeuza na mwingine ukifuta macho. Akaanika. Akatafuta kimea cha wimbi lililochipuka, akasaga. Akachanganya vyote na maji kwenye pipa safi. Wapita njia walisimama kwenye mpaka wa shamba wakitazama mzee anapika pombe, wakaenda kuhadithia. Hakujali. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kuwa na kitu cha kumwandalia mtu.

Shida ilikuwa hatua ya mwisho, maana hatua ya mwisho haikuwa na la kutazama. Benedeta alikuwa akifunika pipa, basi, anaendelea na mambo yake. Emong akafunika. Kesho yake akafunua, akatega sikio. Kulikuwa na kisauti, ss, na povu moja hapa, jingine pale, la kivivu. Akafunika. Saa moja baadaye akafunua. Kwa macho yake ya mfuga samaki, maji yaliyotulia hivyo ni maji yanayokufa. Alikwishaona matangi mangapi yakitulia hivyo, asubuhi akaokota vifaranga kwa ungo? Akaona pombe yake inakosa pumzi. Akaona Jumapili inakuja na yeye atasimama mbele ya watu na pipa la uji uliokufa.

Basi akafanya alichokijua. Alichukua mpira mpya, akauchemsha, akatia kijiwe kipya nchani, akauzamisha kwenye pipa na kuuunga na pampu.

Pombe ikaamka, mapovu kila upande, uso wote unacheza. Emong akavuta kiti akaketi karibu nayo, na moyo wake ukatulia. Iliunguruma vizuri kuliko tangi lolote. Usiku ule alilala usingizi wa mtoto, na pampu ikaendelea kesho, na kesho kutwa, hadi Jumamosi. Alikuwa na furaha, na kosa lake likaiva humo humo.

Jumamosi saa sita Mildred alikuja kuonja, kwa wema wake tu. Alipokuwa bado kwenye mlango wa jiko akasimama, akanusa.

"Mzee, umefanya nini?"

"Nimeipa hewa."

Mildred akauona mpira. Akaufuata kwa macho kutoka pipani hadi kwenye pampu, na kutoka kwenye pampu hadi usoni kwa Emong. Kilichotoka kinywani mwake kilianza kama kicheko kikaishia kama kitu kingine. Akachovya kidole, akaramba, akafumba macho.

"Siki," alisema. "Hii ni siki, Emong. Nani alikwambia pombe inataka hewa?"

"Kila kitu kilicho hai kinataka hewa."

"Samaki, ndiyo. Hii inajitengenezea yake. Ile ss uliyoisikia ndiyo pumzi yake yenyewe. Kazi yako ilikuwa kufunika na kuiacha peke yake."

Emong akachomoa mpira. Pombe ikatulia, na kweli, harufu ilipanda kali hata machoni. Akaketi juu ya kigogo cha kuni.

"Mimi kuacha kitu peke yake sijui," alisema.

Mildred alitazama nje, akarudi akainama, akashusha sauti. "Nina pipa la leo, tamu. Giza likiingia nakuletea, tunabadilisha. Nani atajua?"

Nisikudanganye, Emong alifikiri. Alifikiri muda mrefu, akitazama pipa. Alitaka kile kiti kuliko alivyotaka kitu chochote tangu amzike Benedeta, na hapa alikuwa anapewa bure. Lakini kesho angesimama mbele ya chungu aseme hii ni ya jiko langu. Wangevuta, wangesifu, na yeye angekaa kwenye kile kiti kila jioni akijua. Safari hii angekuwa ameweka kitu chunguni kwa kukusudia.

"Asante, Mama," alisema. "Waache wanywe niliyopika."

Jumapili baada ya ibada walikuja. Walikuja wote, na hilo lilimshangaza, wakiwa na mirija yao kwapani na nguo za kanisani bado mwilini. Emong alikuwa amefagia uwanja, ameazima viti kwa majirani, ameweka chungu kikubwa cha Benedeta katikati. Rasto alikuja wa mwisho, amekonda, fimbo mkononi. Aliketi bila kuelekezwa, kushoto kwa kiti cha mwenyeji.

Emong akasimama. "Hii ni ya jiko langu," alisema. "Nimekanda mimi, nimekaanga mimi. Neno baya sikuweka siku ile, na leo sikuweka. Navuta kwanza."

Akavuta. Macho yakalowa, akameza.

Wakavuta mmoja mmoja. Natamani ungeziona zile nyuso. Mzee mmoja wa kabila la Wamasaba aliyeoa huku, Okochi, alivuta akabaki ametumbua macho kama aliyekumbuka kitu alichokisahau motoni. Ronald, mwalimu, alikohoa, akageuza kikohozi kikawa salamu kwa jirani yake. Kutukana chungu cha kusafisha ni kuifungua kesi upya, na walikuja kuifunga. Waungwana wale, kila mmoja alimeza fundo lake akaweka mrija kando. Rasto alivuta naye, muda mrefu kuliko wote, uso wake haukubadilika.

"Kesi imekwisha," Okochi alisema, sauti imekwaruza. "Kesho kiti chako kipo."

Wakamshika mkono wote, mkono kwa mkono, kwa nguvu. Kisha mmoja akakumbuka ng'ombe wake hajanywa maji. Mwingine ana mgeni kutoka Busia. Ronald akasema mvua inakuja, na mbingu ilikuwa nyeupe. Mildred akamtazama Emong, akatikisa kichwa polepole, akawafuata, maana alijua wanaelekea kwake. Kilimani vicheko vyao vilisikika vikipanda, si vya ubaya, vya watu waliotoka kwenye jambo gumu salama.

Emong akabaki amesimama kati ya viti. Alikwishasafishwa. Alichoomba mwezi mzima alikuwa amepewa, na uwanja ulikuwa mtupu, na chungu kilikuwa kimejaa pomoni. Aliwaza kwamba huenda ndivyo itakavyokuwa sasa, watampa mkono kila siku na kwenda zao.

Akasikia mrija ukivuta nyuma yake.

Rasto hakuwa ameondoka. Alikuwa ameegemeza fimbo gotini, anakunywa.

"Rasto, acha," Emong alisema. "Ni siki."

"Najua. Kwani sina ulimi?"

"Tumbo lako halijapona. Nenda juu na wenzako, Mildred ana tamu."

Rasto aliguna. Emong hakuutambua ule mguno, haukuwa katika ile aliyoijua.

"Siku ile nilikuwa wa kwanza kuchomoa mrija," Rasto alisema. "Niliwaogopa wao. Wewe sikukuogopa." Emong akadhani amemaliza, kwa sababu hayo tayari yalikuwa mengi. "Nilipougua walikuja watu wengi sana. Kila mmoja aliniuliza kama ni wewe. Kulala, kuamka, wananiuliza kama ni wewe. Hakuna aliyeuliza kama nimekula."

"Mkeo Marion hakuwepo?"

"Marion yuko Kampala kwa wajukuu tangu mwaka jana. Harudi. Sikukwambia kwa sababu ulikuwa unaongea wewe."

Emong akaketi. "Nilitoka na samaki kuja kwako," alisema. "Mara mbili. Nikaogopa wataona nimekuja kukumaliza."

"Ungekuja."

"Ningekuja."

Wakavuta wote wawili. Ilikuwa mbaya zaidi mara ya pili.

"Ni mbaya sana hii, Emong," Rasto alisema.

"Ni mbaya."

"Ongeza maji ya moto basi. Jua bado liko juu, na mimi sina ninakokwenda."

Emong akainuka kwenda kuinjika birika. Alipofika mlangoni mwa jiko aligeuka kutazama, na Rasto alikuwa bado ameketi pale pale.